Mashimo Sabini na Mawili

Samburu
7 Februari 1999

Kwa mkwe wangu Gerishom,

Salaam. Sisi huku Samburu ya pwani ni wazima, mbuzi ni wazima, na jua nalo ni zima kabisa, halijaenda likizo tangu Krismasi. Mama Kache anakusalimu. Eunice pia anakusalimu, ingawa akili yake yote siku hizi iko Mariakani kwa huyo Jefwa wake, na salamu zako amezitoa huku anatazama barabarani.

Nakuandikia kwa sababu wewe ni fundi wa mitambo huko hotelini Diani, na mimi ni fundi wa mbao, na sasa limezuka jambo linalotutaka sote wawili. Nataka kununua drili. Sisemi ile ya kushika mkononi kama bastola. Nasema ile ya kusimama, ambayo mtu analaza ubao juu ya meza yake, anavuta mpini, na biti inashuka wima bila kuuliza mtu. Niliwahi kuonyeshwa moja katika karakana ya Voi mwaka 1971, nikaicheka, nikasema ni mashine ya wavivu. Nimebadilisha kauli. Mtu mzima ana haki hiyo.

Usije ukadhani keke yangu imenishinda. Keke aliyoniachia marehemu baba, na uta wake, bado iko ukutani na bado inatoboa. Ni kwamba oda zimekuwa nyingi. Tena Eunice anaolewa mwezi wa Agosti, na ada ya nyumba hii unaijua: binti yangu haendi kwa mumewe bila kitanda nilichokitengeneza mimi, mifumbati, zile mbao za pembeni, ni ya mbambakofi, nimekiwamba kwa kamba yangu mwenyewe. Dada zake wanne wametoka hivyo, na Kache wako ndiye wa mwisho wao. Kila kitanda kina mashimo sabini na mawili ya kupitishia kamba. Shimo moja likienda upogo, kamba zinavuta upogo, na siku moja ubao unapasuka njia nzima.

Bei: nimetenga ng'ombe mmoja. Si yule mnono. Nichagulie kitu cha kiasi hicho kinachofaa karakana ya nyumbani.

Ni mimi mkweo,
Tsuma

Nusura nisahau. Kitanda chenu kinaendeleaje?


Ukunda
19 Februari 1999

Kwa Baba mkwe, Mzee Tsuma,

Shikamoo Baba, na shikamoo kwa Mama. Barua yako ilichelewa kunifikia kwa sababu ilipitia kwa menaja. Alidhani mtu anaomba kazi, akaandika juu yake kwa kalamu nyekundu "Hakuna nafasi". Usikasirike ukisikia, anawaandikia watu wote hivyo hivyo, wateja wa hoteli wamepungua.

Enyewe nimefurahi sana kwamba umenipa hii kazi. Miaka mitatu niko mkwe wako na hujawahi kuniuliza kitu yoyote isipokuwa hali ya kitanda. Sasa nisikilize Baba, kwa sababu drili ya kusimama si kama kununua panga. Watu wanatazama rangi na wanatazama bei, halafu wanakuja kulia kwangu. Cha kwanza kutazama ni kama kichwa kinachobana biti kinazunguka bila kutikisika. Kikitikisika hata kidogo, shimo lako linakuwa yai. Cha pili ni mwendo. Mbambakofi ni mti mgumu, ukizungusha haraka unachoma mbao na unachoma biti, kwa hivyo tunataka mashine yenye puli za kubadilisha mkanda, iende polepole. Cha tatu ni biti inashuka inchi ngapi ukivuta mpini. Meza yake nayo iwe nzito.

Kwa hivyo niambie: mfumbati wako una unene gani, shimo ni inchi ngapi, na stima ya hapo kwako ni ya aina gani?

Jambo lingine. Mwandiko wako safari hii unapanda na kushuka. Kache ameuliza kama uliandika ndani ya lori.

Kuhusu lile swali la mwisho, hatujambo. Vitu vyote vya nyumbani havijambo.

Mtoto wako,
Gerishom Amwayi


Samburu
3 Machi 1999

Mkwe wangu Gerishom,

Mwambie Kache sikuandika ndani ya lori. Meza yangu ya kuandikia ina mguu mmoja mfupi. Najua utauliza fundi wa mbao anakaaje na meza inayoyumba. Basi muulize kinyozi ni nani anayemnyoa.

Unene wa mfumbati ni inchi mbili. Shimo ni nusu inchi. Ama kuhusu umeme, nikikaa mlangoni kwangu nguzo zake naziona vizuri sana, moja baada ya nyingine, mpaka macho yanachoka.

Maelezo yako nimeyapenda. Mtu anayejua kwamba shimo linaweza kuwa yai si mtu wa mchezo. Ndiyo maana jibu lako la mwisho halikunitosha. Sikuuliza vitu vyote vya nyumbani. Niliuliza kitanda. Hasa ule mfumbati mrefu wa upande wa mlangoni, ambao niliutoboa mwishoni: mashimo yake yamekaaje? Yamenyooka? Kamba zinavuta sawa pande zote? Nijibu kama fundi anavyomjibu fundi.

Ni mimi,
Tsuma


Ukunda
16 Machi 1999

Baba mkwe, shikamoo,

Nimepata mashine! Lakini nianze na ile nyingine ndiyo nimalize niwe huru.

Baba, kama fundi kwa fundi ningekujibu. Lakini kwetu Vihiga mkwe na baba mkwe hawazungumzi habari ya kitanda hata kama kiko sokoni kinauzwa. Nimemuuliza Kache kama huku kwenu ni tofauti, akasema kwenu ni mbaya zaidi, mkwe hata mlango wa chumba hapaswi kuuangalia. Sasa mimi nitaanzaje kukuandikia upande wa mlangoni na upande wa ukutani? Nimeandika hii sentensi tu na jasho limenitoka. Kitanda kiko imara. Kiko imara sana. Tafadhali tuongee mashine.

Ya kwanza niliiona kwa hoteli moja iliyofungwa, wanauza vitu vya karakana. Drili kubwa, inasimama chini kwa sakafu, inanipita urefu, na bei ilikuwa ya mbuzi. Nikashangaa. Nikazunguka nyuma nikatazama mota: inataka ile stima kubwa ya viwandani, ya fezi tatu. Ukiipeleka nyumbani itakutazama na wewe utaitazama. Ndiyo maana ilikuwa rahisi. Nikaiacha.

Ya pili ilikuwa mpya, dukani Mombasa, kijani inang'aa kama kijani ya mchicha. Mimi kila mahali natembea na msumari mrefu ulionyooka. Nikaubana, nikamwambia mwenye duka awashe. Msumari ukionekana mmoja, mashine ni nzima. Hii ilionyesha misumari miwili. Mashine imelewa kabla haijatoka kwa boksi! Mwenye duka akasema itatulia ikizoea. Nikamwambia hata mlevi husema hivyo.

Ya tatu iko Msambweni kwa mwalimu mmoja mstaafu, Mwalimu Japheth, anayetengeneza vitu vya watoto vya kuchezea. Ni ndogo, ya kuwekwa juu ya meza, ina miaka kumi na mitano lakini ameitunza, kila Jumamosi anaipaka mafuta. Msumari ulionekana mmoja. Mwendo wa chini kabisa ni polepole mpaka unaweza kuusalimia. Biti inashuka inchi mbili na nusu, yaani mfumbati wako unapita na nafasi inabaki. Anaiuza kwa sababu mkewe amechoka na vumbi. Ameongeza jiliwa la kubania mbao, bure. Kwa ile bei ya ng'ombe wako, Baba, ng'ombe amekwenda lakini umebaki na kwato na mkia.

Karisa wa lori ataileta wiki ijayo, imefungwa kwa gunia. Na Pasaka uje Ukunda umwone mjukuu wako, sasa anatembea.

Mtoto wako,
Gerishom


Samburu
8 Aprili 1999

Mkwe wangu Gerishom,

Nimefika salama. Ahsante kwa Pasaka. Kuku alikuwa mtamu, mjukuu wangu ana miguu ya fundi, na Kache amenona. Nimemweleza mama yake yote hayo, tena kwa mpangilio huo.

Mashine inafanya kazi mpaka watu wanashangaa. Sikutaka kuisifu mno nilipokuwa kwako, mtu asije akadhani najisifu. Ulisema ina mwendo wa polepole, lakini hukusema jinsi ilivyo tulivu. Haina kelele hata kidogo! Jirani yangu Menza amepita mara tatu huku nafanya kazi, na hakusikia chochote.

Lipo jambo dogo nilitaka kuuliza pale pale, lakini wageni walikuwa wengi. Lile benchi lililo nje ya mlango wenu, mliloniketisha Jumapili, lile lenye ubao mrefu uliotobolewa na kuwekwa juu ya matofali. Ulilipata wapi?

Ni mimi,
Tsuma


Ukunda
20 Aprili 1999

Baba mkwe, shikamoo,

Nimefurahi mashine ni poa, lakini nimeshangaa kidogo kusikia haina kelele. Hata feni ya menaja ina kelele, na inaning'inia tu. Labda mkanda umelegea. Uangalie.

Hiyo benchi usiijali, Baba, ni kitu ya hivi hivi. Niliinunua kwa fundi mmoja wa hapa Ukunda, simjui hata jina. Sijui alikuwa amekunywa ama ni mkono wake umekwisha, kwa sababu mashimo yake umeyaona mwenyewe, moja linatazama Tanga na lingine linatazama Lamu. Mtu kama huyo hafai kupewa mbao. Lakini kwa benchi ya kukalia nje si neno. Angekuwa ameniuzia kitu ya kulalia, hapo ningemtafuta.

Kazi ya kitanda cha Eunice inaendeleaje? Najua kwa hiyo mashine umeshafika mbali.

Mtoto wako,
Gerishom


Samburu
4 Mei 1999

Gerishom,

Mimi ni mama yake Kache. Kusoma nilisoma ngumbaru, na mwalimu wetu alikuwa mkali, kwa hiyo usitafute makosa. Kwa desturi mimi na wewe hatupaswi hata kutazamana usoni. Lakini karatasi haina uso. Ukimaliza kuisoma hii, hukuisoma.

Mwanangu, umetuvunja.

Barua yako aliisoma peke yake nje ya karakana. Akaikunja mara nne. Akaishusha keke ya baba yake ukutani, akaitia ndani ya sanduku pamoja na uta wake na barua yako juu, akafunga. Tangu siku ile hajagusa ubao. Amemwambia Eunice atamnunulia kitanda cha chuma Mariakani, kile cha rangi ya bluu chenye godoro la sponji. Eunice amesema ahsante Baba, akaenda kulia kwenye zizi la mbuzi. Mimi nimebaki katikati, huyu nampikia na huyu nampangusa.

Sasa nitakueleza mambo ambayo ninyi wanaume wawili mnazungushana nayo tangu Februari.

Umeme hatuna. Hizo nguzo anazoziona mlangoni ni za barabara kuu. Umeme wenyewe unapita kwenda Nairobi, haujasimama hapa hata kunywa maji. Mtu wa serikali alikuja mwaka juzi akahesabu nyumba, na baba yenu akaamini. Mashine yako haina kelele kwa sababu haijawahi kuwaka. Iko mezani, nimeifunika leso yangu nyekundu, na kuku wa Menza ametaga juu yake mara mbili. Jioni akidhani simwoni huifunua, huzungusha ile puli kwa kidole, huuvuta ule mpini, biti inashuka, inapanda. Anaitazama inavyoshuka bila kutetemeka.

Maana mkono wake wa kulia unatetemeka. Ulianza mwaka ule ule wa kitanda cha Kache. Ndipo akaanza kunywa chai kwa kumiminia kwenye sahani, anasema inapoa upesi. Hiyo meza yake ya kuandikia haina mguu mfupi. Nimeipima.

Na Kache aliniambia zamani. Hamkumaliza mwezi, mfumbati wa upande wa mlangoni ukapasuka kufuata mashimo, mkaangukia chini usiku wa Jamhuri, na mpaka leo mnalala godoro la sakafuni. Nilimwambia asimwambie baba yake. Kosa hilo ni langu. Lakini kuuchukua ubao ule ule, kuuweka juu ya matofali, na kumketisha juu yake yeye aliyeutoboa! Gerishom, mwanangu, alikaa pale tangu saa nane hadi magharibi. Huyajui mashimo yako? Naye anayajua yake.

Jambo moja tu nataka ulishike. Anapokuuliza kitanda kinaendeleaje, haulizi mambo yenu. Anauliza mkono wake. Hana mtu mwingine wa kumwuliza.

Nilikuwa na mengine lakini karatasi imekwisha.

Mama Kache


Ukunda
15 Mei 1999

Baba mkwe, shikamoo,

Hii barua nimeiandika mara tano. Nne nimechoma.

Kuhusu benchi nilikudanganya. Sikuinunua. Hakuna fundi wa Ukunda. Yale maneno yote niliyaandika kuficha aibu yangu, na sikufikiria yataangukia kichwa ya nani. Fundi aliyetoboa ule ubao ndiye ninayemheshimu kuliko mafundi wote wa pwani hii na wa bara. Sitasema zaidi kwa sababu desturi hainiruhusu. Lakini naomba msamaha, Baba. Nimeumia sana.

Sasa tuongee mashine. Nimesikia, usiniulize kwa nani, kwamba stima ya huko inapita tu. Kosa ni langu. Nilikuuliza stima gani, ukanijibu nguzo, na mimi fundi mzima nikapokea nguzo kama jibu. Ungemwambia mtu una ng'ombe, akuulize maziwa mangapi, umjibu kwato naziona?

Karisa atakuletea baiskeli yangu. Ile nyeusi. Gurudumu la nyuma nimetoa tairi, imebaki rimu tupu. Nimechomelea stendi pana ya chuma ili gurudumu lisiguse chini. Fanya hivi. Fungua ile mota ya mashine, iweke kando, haitakuwa na kazi. Chukua mkanda mrefu niliouweka kwa gunia, upitishe kwa rimu ya baiskeli, halafu kwa puli kubwa ya mashine. Rimu imesimama na puli imelala, kwa hivyo mkanda utajipinda robo katikati, usiogope, lakini baiskeli ikae mbali kidogo, hatua mbili na nusu. Mtu mmoja anakanyaga. Wewe unabana ubao kwa jiliwa, unavuta mpini. Basi.

Na Baba, hapa naongea kama fundi kwa fundi, wala si kama mkwe. Kunyoosha shimo si kazi ya mkono kwa hii mashine. Chuma ndicho kinanyoosha. Mkono kazi yake ni kuvuta tu, na hata ukivuta ukitetemeka, biti haina habari. Mimi mwenyewe natetemeka kila siku nikisikia viatu vya menaja, na drili ya hotelini haijawahi kunisengenya. Kazi yako haiko kwa mkono, Baba. Iko kwa kujua shimo liende wapi. Hiyo mashine haijui, na mimi sijui, na kiwanda cha vitanda vya bluu hakijui.

Usinirudishie baiskeli. Kutoka Ukunda mpaka kazini ni maili tatu, natembea, na tumbo limeanza kupungua. Kache amefurahi.

Mtoto wako,
Gerishom


Samburu
25 Julai 1999

Mkwe wangu Gerishom,

Nimekaa kimya miezi miwili. Mwezi wa kwanza nilikuwa na hasira, wa pili nilikuwa na kazi.

Baiskeli yako ilipofika niliitazama siku nane. Siku ya tisa nilitoka kwenda kwa Menza, niliporudi nikakuta Mama Kache ameipandia pale pale karakanani, kanga imefungwa kiunoni, anakanyaga, gurudumu linavuma, na majirani wanne wako dirishani wanamwuliza anakwenda wapi. Akanambia, "Mimi niko tayari. Wewe je?" Sasa mtu atajibu nini? Nikafungua mota.

Mkanda wako haufai. Nakuambia waziwazi kwa sababu wewe pia unapenda ukweli siku hizi. Uliruka mara kumi na nne, mara moja ukampiga kuku wa Menza, ingawa huyo hakuonewa. Nikautupa. Nikasokota kamba ya mkonge, nyuzi tatu, ile ile ninayowambia vitanda, nikaiunga bila fundo. Ikakaa ndani ya rimu kama iliyozaliwa humo, ikajipinda robo, ikazunguka. Haijaruka mpaka leo. Ukirudi hotelini waambie.

Nilibana kwanza kipande cha mti wa kutupa. Mama Kache akakanyaga. Nikavuta mpini. Mkono ulikuwa unatetemeka, Gerishom, sitaficha tena, ulitetemeka kuliko siku zote kwa sababu nilikuwa naogopa. Biti ikashuka. Ikatokea upande wa pili. Nikatia msumari ulionyooka, kama ule wako, ndani ya lile shimo na nikaweka pembemraba yangu ubavuni. Wima. Nikatoboa la pili, na la tatu. Nikakaa chini juu ya maranda nikalia, na mke wangu akaendelea kukanyaga kwa sababu hakuwa ameona, akawa ananigombeza niache kulala kazini.

Kitanda cha Eunice kimekwisha jana. Mashimo sabini na mawili, na hakuna hata moja linalotazama Tanga. Cha bluu kitabaki dukani.

Lakini si hicho nilichoanza nacho. Kabla ya kitanda chake nilitengeneza kitu kingine. Karisa atakukabidhi Ijumaa. Kimefungwa kwa magunia mawili na kina urefu wa futi sita na nusu. Ni mfumbati mmoja, wa mbambakofi, mashimo ishirini na manne. Wa upande wa mlangoni. Ndani ya gunia kuna kamba mpya, na Kache anajua kuwamba, nilimfundisha akiwa na miaka kumi.

Nililijua benchi lile tangu nilipoketi, kabla hata ya kuuliza. Fundi akikalia makosa yake anayasikia. Jibu lako ndilo liliniumiza, lakini nimeyafikiria tena yale maneno ya Tanga na Lamu, na nimeona yalikuwa ya kweli. Mwaka ule nilijua mkono umenihama na nikatoboa hivyo hivyo, kwa kiburi, nikamlaza binti yangu juu ya kiburi changu. Miaka mitatu nimekuuliza wewe, na wewe miaka mitatu unanihurumia kwa uwongo, ukalala chini. Nakushukuru kwa huruma. Uwongo nimekusamehe. Lile benchi lipasue kuni.

Sitakuuliza tena kitanda kinaendeleaje. Desturi ni desturi, na nimeivunja vya kutosha. Wewe niandikie tu hali ya hewa ya Ukunda. Nitaelewa.

Ni mimi mkweo,
Tsuma

Gerishom, Mama Kache hapa naongeza kabla hajafunga bahasha. Nimeendesha baiskeli mashimo tisini na sita na bado sijafika hata Taru. Miguu yangu mwambie Kache ni ya chuma. Barua yangu ile hukuiona.


Ukunda
6 Agosti 1999

Baba mkwe, shikamoo,

Mzigo umefika Ijumaa. Kache aliwamba siku nzima ya Jumamosi, mimi nikishika kamba kule anakoniambia. Kabla hajaanza nilitia msumari wangu kwa kila shimo, yote ishirini na nne. Kila mara ulisimama wima.

Benchi sijaipasua, Baba, unisamehe kwa hilo pia. Kache amekataa. Anasema ni ubao wa baba yake, na mtoto ameshazoea kushika hayo mashimo ndiyo asimame. Iko pale pale nje ya mlango. Ukija kwa wiki ya baada ya harusi, utakaa juu yake na utakunywa chai kwa sahani, na sisi wote tutakunywa kwa sahani.

Hali ya hewa ya Ukunda ni nzuri. Tangu Jumamosi haijayumba wala haijalia. Leo niliamka saa mbili asubuhi, nimechelewa kazi, na menaja ameniuliza kisa. Nimemwambia ni hali ya hewa.

Mtoto wako,
Gerishom